Abiria Wasiotembea

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la nyanya, ndoo ya maji na nati kubwa ya chuma. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi na shahada ya uhandisi, nimevaa viatu ambavyo vumbi jekundu la Kolwezi lilikuwa limekwisha kuvila rangi, na nilitegemea kuonyeshwa kompyuta. Mkuu wa Hesabu, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akaniambia niweke kopo lielee kwenye ndoo, nidondoshe nati ndani yake, kisha nimweleze kilichotokea.

"Imeshuka kidogo, patron."

"Kidogo vile gani? Imeshuka na kubakia, ao imerudia yulu kwanza?"

Sikuwa nimeangalia.

"Mademoiselle, bantu bote banaonaka kopo inashuka. Weye tumekuita kuangalia vile inarudia." Akatoa nati, akaikausha kwa shati lake, akanirudishia. "Anza tena."

Nilianza tena mpaka wenzangu walipokwenda kula bukari, ugali wa kwetu.

Kumbukumbu za namna hii kwa kawaida huandikwa na mtu aliyekwisha kupewa saa ya ukutani na hotuba ya kumuaga. Mimi sina mvi. Lakini chumba chetu cha hesabu kimefungwa, Mkuu amerudi kwao Musumba kulima, na vijana wanaomaliza chuo bado wananiuliza kazi ile ilikuwaje. Basi nawaandikia. Nitaeleza jinsi ilivyofanywa wakati wetu, na nitaeleza habari ya pantoni ya Lualaba, ambayo mama yangu mdogo huipanda kila siku ya soko. Habari hiyo haijaisha, na sijui kama nataka iishe.

Kazi yenyewe tuliiita uigaji: kumtengenezea mteja mto wa namba ndani ya kompyuta kabla hajatia chuma chake kwenye mto wa kweli. Maji tuliyakata vipande vidogo sana, vikashikana kama matundu ya wavu, na kwa kila tundu kompyuta ilikokotoa mwendo na msukumo wa maji. Ndani ya maji hayo tuliweka gimba gumu, yaani kitu kisichopinda wala kubonyea, ambacho sehemu zake zote huenda pamoja. Pampu inayoelea ni gimba gumu. Boya ni gimba gumu. Sisi watu wa hesabu tunalipenda kwa sababu ukijua kitovu cha uzito wake kiko wapi na limeelekea upande gani, umelijua lote. Halina siri. Ndivyo tulivyofundishwa.

Kazi huanza pale viwili hivyo vinapokutana. Maji husukuma gimba; gimba likisogea husukuma maji; na maji yakishasukumwa, msukumo wake si ule wa mwanzo. Nani aanze? Mkuu wa Hesabu alitufundisha kwa mfano wa mahari. "Familia moya inataja. Ile ingine inakatala. Banatoka inje, banaongea, banarudia, banataja ingine. Haufunge mulango mpaka bote bakubali." Kwa hiyo katika kila hatua ya muda, na hatua moja ilikuwa kijisehemu kidogo cha sekunde, tuliwapeleka na kuwarudisha maji na gimba, kama familia hizo mbili, mpaka wakubaliane. Hapo ndipo saa ya kompyuta iliporuhusiwa kusogea. Kuvuka mto kwa dakika chache kulituchukua siku kadhaa, na umeme ukikatika, kwa kuwa migodi hulishwa kwanza, tulianza upya kutoka mahali tulipohifadhi mara ya mwisho.

Kituo changu cha pili kilikuwa Tenke, kando ya reli, kwenye bwawa la mabaki ya mgodi. Huko niliiga chelezo cha chuma kilichobeba pampu. Kilikuwa chepesi, na maji ya bwawa yalikuwa mazito kwa tope, na hapo nilikutana na ugonjwa maarufu wa fani yetu. Kitu kinapoanza kwenda ndani ya maji hulazimika kuyasogeza maji yaliyo mbele yake, kwa hiyo hufanya kama kwamba uzito wake umeongezeka. Tuliuita uzito wa kuazima. Ikiwa uzito wa kuazima unazidi uzito wa kitu chenyewe, mazungumzo ya mahari huharibika: kila upande unataja bei ya kichaa zaidi ya ule mwingine, na chelezo, kwenye kioo cha kompyuta, hurushwa angani kama jani. Dawa yake ni kupunguza pupa. Katika kila mzunguko unakubali sehemu tu ya jibu jipya na kubaki na sehemu ya jibu la zamani. Kazi inakwenda polepole, lakini inafika.

Mkuu wa Kituo pale Tenke hakutaka kusikia habari za pupa.

"Inaelea ao haielei?"

"Inategemea, tata. Kama upepo…"

"Mi sikuuliza inategemea. Nimeuliza inaelea."

Ilielea. Lakini nilikuwa na tabia ambayo chuo kilinipa na Mkuu wa Hesabu akainoa: sikupitisha jibu la mtu, hata langu, kabla ya kuuliza limepimwa kwa kitu gani. Mara moja nilikataa kutia sahihi kwenye hesabu ya mwenzangu kwa sababu matundu ya wavu wake yalikuwa makubwa mno karibu na ukingo wa chelezo. Alirudia kazi yote. Jibu lilitoka vilevile, na tangu siku hiyo nikaitwa Mademoiselle Juu-ya-Nini, yaani Bibi Kwa-Nini. Niliona fahari. Nilidhani ni jina la mtu makini.

Niliporudishwa Kolwezi, ofisi ilikuwa imepata kazi ya pantoni mpya. Ile ya zamani ilikuwa mapipa na mbao na injini iliyokohoa. Wakati huo wanawake wengi wa mjini walikuwa wanalima ng'ambo ya mto, maana mashamba ya karibu yalikuwa yamemezwa na migodi. Mama Odette, mdogo wake mama, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa miongoni mwao. Zamani aliishi mtaa wa Kasulo. Alihama siku sakafu ya jikoni ilipoanza kuitika kama ngoma chini ya miguu yake, kwa kuwa majirani walikuwa wamechimba hadi kwake wakifuata madini. "Nilikimbia shimo," alikuwa akisema, "sasa niko na mayi."

Hesabu ya kwanza ya pantoni ilikuwa imekwisha kufanywa nilipofika. Nilipewa niipitie. Chuma kilichorwa vizuri, wavu ulikuwa umekazwa, matundu yake madogo, mkondo ulikuwa wa masika na wa kiangazi. Abiria walikuwa bapa moja la uzito, limelazwa juu ya sitaha na kuunganishwa na chuma. Hiyo ndiyo desturi ya kazi yetu: mzigo ni sehemu ya gimba. Kwenye kioo pantoni ilivuka, ikayumba, ikarudi, ikafika. Niliuliza maswali yangu ya kawaida na yote yalikuwa na majibu. Lakini nilitaka kuona mto. Nikamwambia Mama Odette nitamsindikiza shambani.

Tulikwenda vizuri. Wakati wa kurudi pantoni ile ya zamani ilikuwa imejaa: magunia ya mihogo, mkaa, baiskeli, kuku, akina mama na vijana wachimbaji waliokuwa wamejaribu bahati ng'ambo. Mama Odette alinitangaza kwa kila mtu. "Ni mutoto yangu. Ingénieur wa mayi!"

"Mayi iko na ingénieur?" kijana mmoja akauliza. "Aambie ipunguke basi!"

Pantoni ya Lualaba haifiki ukingoni kwa ubavu. Dereva huipandisha kwanza, akaigeuza pua kuelekea unakotoka mkondo, kisha akaisogeza taratibu kwenye ukingo. Mbele kuna mlango wa chuma unaolala kuwa daraja. Tukiwa bado mbali na nchi kavu, juu ya maji meusi yasiyoonyesha chini, dereva, mzee tuliyemwita Tata Kalenga, alipaza sauti: "Mulango!" Mlango ukashushwa. Na watu wote wakaenda mbele. Hawakukimbia. Walitembea tu kwa pamoja, magunia kichwani, kama waumini wanaokwenda kukomunika.

"Tembea, mwana!" Mama Odette alinivuta mkono. "Unasimama kama mulingoti?"

"Mama, juu ya nini banashusha mulango mbele ya kufika?"

"Kamyo ya kubeba bantu kwenda soko iko moya. Wa kwanza anapanda. Wa nyuma analala hapa na mihogo yake. Tembea!"

"Ingénieur anaogopa!" kijana yule akacheka. "Rudia kwenye kompyuta yako, dada, kule mayi haiko baridi!"

Mimi nilikuwa nasikiliza kwa nyayo. Sitaha ilikuwa imeinama mbele. Ncha ya mlango ilikuwa ndani ya maji, na mkondo ulikuwa unaigonga kwa mlio ule wa kijiko kinapokwangua sufuria. Kisha tukagusa udongo, watu wakamwagika, na pantoni ikarudi juu.

Siku iliyofuata niliwatenga abiria na gimba. Badala ya bapa moja niliwafanya makundi madogo, kila kundi na uzito wake, yakisogea mbele pantoni inapokaribia ukingo. Nikashusha mlango mapema kama Tata Kalenga. Pantoni mpya ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani, mlango wake mpana zaidi, injini yake na nguvu zaidi. Kwa mkondo wa kiangazi iliinama, ikanywa maji kidogo, ikarudi. Nikaweka mkondo wa masika. Mlango ulichota maji kama sepetu. Maji yalipanda sitahani yakakimbilia mbele, mahali palipokuwa tayari pamelemewa, kwa sababu maji yaliyoingia nayo hutembea kama abiria. Pua ilishuka. Nilingoja irudi, kama nilivyofundishwa na kopo. Haikurudi.

Nilimwita Mkuu wa Hesabu. Alitazama mara moja, akaomba nirudie, akatazama tena. Akavua miwani.

"Tulifunga bantu na misumari," alisema.

"Ndiyo, patron."

"Miaka yangu yote ya kazi, nilibafunga na misumari."

Alipeleka habari kwa Mkurugenzi wa Mradi, ambaye alikuja kutoka Lubumbashi, mtu mpole, mwenye kusikiliza, aliyeandika kila nilichosema. Kule kwenye karakana chuma cha pantoni kilikuwa kimekwisha kuunganishwa nusu. Niliomba mambo mawili: mlango ufupishwe, na sitaha igawanywe kwa vizuizi ili watu wasiweze kwenda mbele wote kwa pamoja. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kisha akaanza kuuliza. Nitawaandikia maswali yake kwa sababu yalikuwa mazuri.

"Uigaji huu umelinganishwa na kipimo gani cha kweli?"

"Bado, monsieur le directeur. Tunahitaji kujaribu pantoni ndogo ya mfano kwenye maji."

"Ukikaza wavu, jibu linabadilika?"

"Kidogo. Mara nyingine inazama mapema, mara nyingine inachelewa."

"Watu wanatembea kwa mwendo gani?"

"Nimekadiria."

"Umekadiria." Akaandika. Halafu akamgeukia Mkuu wa Hesabu akitabasamu. "Huyu si ndiye mnayemwita Mademoiselle Juu-ya-Nini?"

Waliokuwamo walicheka. Hata mimi nilicheka.

"Niambie kweli," akaendelea. "Kama hii ingekuwa kazi ya mwenzako, imeletwa mezani kwako hivi ilivyo, ungeipitisha?"

Nilitafuta jibu lingine. Nawaapia nilitafuta.

"Hapana," nikasema.

"Asante."

Mkuu wa Hesabu ndiye peke yake hakuwa amecheka. "Monsieur le directeur, na ile hesabu ya kwanza, yenye bantu bako na misumari, nani aliipima?"

"Ile iko kwenye mkataba," Mkurugenzi alijibu, bila ubaya wowote.

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya kitu chochote nilichosoma chuoni. Shaka tuliigawa vibaya. Hesabu iliyoridhisha watu haikuulizwa kitu. Ile iliyotisha iliulizwa mpaka ikachoka. Na mimi, niliyejenga jina langu kwa kuuliza, nilikuwa nimewanolea wembe.

Hata hivyo hatukuondoka mikono mitupu. Mkurugenzi alikubali pini ya chuma ya kuuzuia mlango usishuke kabla pua haijagusa ukingo, pamoja na kibao kilichoandikwa kwa Kifaransa na Kiswahili kwamba ni marufuku kutembea pantoni ikiwa majini. Pantoni ilizinduliwa kwa bendi ya fanfare na hotuba. Wiki hiyohiyo nilikwenda kuitazama. Pini ilikuwa imefungwa kamba, inaning'inia kwenye usukani kama hirizi. Kwenye kibao mtu alikuwa ameanika shati.

"Tata Kalenga, pini ilifanya nini?"

"Mademoiselle, siku ya kwanza niliiacha pale kwenye mulango. Kamyo ikaenda. Ba mama balinitukana mpaka kwa bankambo yangu benye balikufa. Mama yako mudogo alikuwa wa kwanza!"

"Mvua ikikuya, mkondo utakuwa na nguvu."

"Mvua inakuyaka kila mwaka. Na miye niko hapa kila mwaka." Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. "Tafuta kamyo ya pili, mwana yangu. Kamyo ikiwa mbili, hakuna muntu atakimbia. Hii kitu yako si ya mayi."

Niliandika kuomba lori la pili. Ofisi ya mradi ilijibu kwamba malori si kazi yake, ofisi ya soko ikasema mto si kazi yake. Kila mmoja alikuwa na haki. Huo ndio ukuta niliokwama nao: sikumpata mtu mbaya. Mama mwenye mihogo ana haki ya kutolala ukingoni. Dereva ana haki ya kutotukanwa. Mkurugenzi alikuwa na haki ya kuuliza maswali ambayo mimi mwenyewe ningeuliza. Ukiweka haki zote hizo pamoja kwenye mkondo wa masika, pua inashuka.

Baadaye ofisi ilibaki na wachoraji tu. Waliona hesabu zinaleta maneno. Siku ya kufunga chumba, Mkuu wa Hesabu alinipa lile kopo la nyanya, limeshika kutu.

"Likusaidie kufundisha bengine."

Nilikataa kulichukua. Sasa nafundisha fizikia katika shule ya sekondari, ambako magimba yote ni magumu na mitihani haiulizi nani amesimama juu yake. Huko ndiko kustaafu kwangu.

Mkiniuliza kama mwingie kazi hii, sina ushauri. Ninawapa onyo moja tu, kwamba kazi yetu ina laana ya pekee. Ukisema kweli, ushahidi wake ni maiti. Ukikosea, ushahidi wake ni siku njema. Kila jioni pantoni inapofika salama, nakuwa nimeshindwa tena, na naomba nishindwe kesho. Masika moja imepita, ya mvua haba. Watu wamenikumbusha hilo, wengine kwa utani, wengine si kwa utani. Labda nilikosea mwendo wa kutembea. Labda wavu. Mwaka huu mvua zimeanza mapema, na mto umekwisha kubadilika rangi.

Nimejaribu kumzuia Mama Odette. "Shamba ihame, ao miye nilime udongo ya nyumba yako?" ndilo jibu lake. Kwa hiyo wiki iliyopita nilimsindikiza tena. Nilikuwa nimemsihi jambo moja, akae nyuma, kwenye bomba la injini, na asiondoke hapo mpaka tuguse udongo. Alikubali, kwa sababu ni mimi.

Tata Kalenga akaita mlango. Watu wakaanza kwenda mbele, magunia kichwani.

"Mama Odette, uko na woga ya mayi sasa?" mwanamke mmoja akamtania akipita. "Utapanda kamyo gani?"

"Ya malaika," akajibu. Wakacheka wote wawili.

Sitaha ikainama. Maji ya kahawia yalilamba bawaba za mlango, yakarudi, yakalamba tena, ndani kidogo zaidi. Nyuma tulikuwa wawili tu, na nafasi tupu kubwa kati yetu na migongo ya watu. Mama Odette aliitazama migongo ile, kisha akanitazama.

"Mwana, mi moya nikiikala huku nyuma, inasaidia?"

Nilikuwa nimekwisha kuifanya hesabu hiyo, zamani, ofisini, na ndiyo pekee ambayo sikuwahi kumwonyesha mtu. Niliweka uzito wa mwanamke mmoja nyuma kabisa, nikangoja. Mistari miwili ya mwinamo wa pantoni kwenye kioo, wa kuwa naye na wa kutokuwa naye, ililaliana hata usingeweza kuitenganisha.

"Inasaidia, mama," nikasema. "Inasaidia sana."

Akavuta gunia lake la mihogo, akalipakata mapajani, akajikaza juu ya bomba kwa nguvu zake zote, ili awe mzito kadiri alivyoweza.